Picha Isiyo na Ngumi

Chai ilimpalia Mwanaima, na kosa lilikuwa la mama yake.

Walikuwa uani kwao Nachingwea, asubuhi ya Jumamosi, mama akimenya mihogo na binti akinywa chai ya rangi huku akijifanya hana wasiwasi. Mjomba Faridi alikuwa amefika jana yake kutoka Marambo na bado alikuwa amelala chumba cha mbele, kwa hiyo walizungumza kwa kunong'ona. Mama, Bi Hajra, alikuwa anamsifu kaka yake. Alisema mtu asimwone anatembea na koti lililochanika mfuko akamdharau, mtu yule amepita mengi. Ujana wake wote alimpikia Mhindi mmoja aliyeletwa kusimamia ghala la korosho, Mhindi asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Walikuwa wakigombana jikoni kutwa kwa Kihindi, hadi Faridi akawa anaota kwa Kihindi.

"Mjomba anajua Kihindi?" Mwanaima aliuliza.

"Anakijua kuliko wewe unavyokijua Kimwera," mama alijibu, na kuendelea na mihogo yake.

Hapo ndipo chai ilipompalia.

Msomaji asiyemjua Harithi anaweza kujiuliza Kihindi cha mjomba kina ubaya gani. Harithi alikuwa kijana wa Ruangwa mwenye kibanda cha kuonyesha picha karibu na stendi, na riziki yake ilikuwa ni kutafsiri. Akishaweka picha ya Kihindi, hupunguza sauti, hushika maiki, na kuwaeleza watazamaji kila kinachosemwa. Nusu ya mji ilimpenda kwa kazi hiyo. Lakini Kihindi chake mwenyewe kilianzia kwenye salamu na kuishia hapo hapo. Yaliyobaki yote aliyatoa kichwani. Wateja walilijua hilo na halikuwakera, maana walikuja kumsikiliza yeye kama walivyokuja kutazama picha.

Mwanaima alikutana naye mwaka uliopita. Alikuwa amepeleka Ruangwa sare za shule alizozishona, mvua ikamkimbiza hadi ndani ya kibanda kile, na sauti ya maiki ikamchekesha mpaka akasahau kuwa amelowa. Tangu siku hiyo sare za Ruangwa zikawa haziishi kupelekwa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama akajua, na baada ya kununa kidogo akakubali. Baba naye hakukataa. Alisema tu kama wanaume wengi wa kule wanavyosema, kwamba yeye ni baba, lakini mwenye neno ni mjomba, wakamuulize Faridi.

Wakamuuliza. Mjomba hakugomba wala hakupandisha sauti. Alimsikiliza mpwa wake mpaka mwisho, akatema ganda la korosho, akamwambia jambo ambalo Mwanaima alirudi nalo Nachingwea likimchoma kama mwiba.

"Mtu anayekutafsiria lugha asiyoijua, siku akikuambia anakupenda, utajuaje kama anajua anachosema?"

Kisha akaongeza kwamba asingemkataa mtu kwa kusikia. Angekwenda kumwona kazini kwake, tena aonyeshwe ile ile picha ambayo Mwanaima hachoki kuisifia, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi hiyo.

Picha hiyo nayo haikuwa na bahati. Ilikuja ndani ya flashi pamoja na nyingine nyingi, bila mtu kuiomba. Haina ngumi, haina bastola, haina hata ule wimbo wa kukimbizana milimani. Muziki wake wote unatoka kwenye redio ya jirani. Staringi wake ni yule bwana mnene wa makamo ambaye kwenye picha nyingine huwa kibaraka wa adui, anapigwa risasi kabla watu hawajamaliza kukaa. Mara ya kwanza Harithi alipoiweka, watu walimwona wakacheka, wakangoja afe. Hakufa. Walipochoka kungoja wakaondoka, na wenyewe wakaipa jina la picha ya babu wa saa.

Aliyeiokoa ni Mwanaima. Mchana mmoja spika ilikufa, Harithi akaifungua kuitengeneza, dada yake Saada akiwa amekaa mlangoni anachambua mbaazi ili wawili wale wasionekane wako peke yao, na picha ikaendelea bubu kwenye runinga. Kwa kuwa hakukuwa na maneno ya kusikiliza, Mwanaima akawatazama watu. Bwana mnene ni fundi saa. Mtoto wao amefariki, na tangu siku hiyo amekosa la kumwambia mkewe, nyumba ikawa na kimya cha miaka. Mke naye si yule msichana mweupe wa siku zote. Ni mama mtu mzima, mweusi, mzito wa mwili, asiyejulikana na mtu. Mwisho mke anaamua kurudi kwa kaka yake. Anapoaga, mume yuko mezani na lenzi yake ya kazi jichoni, na haivui.

"Harithi, tazama hilo jicho jingine," Mwanaima alimwambia siku hiyo. "Wewe unangoja apigwe risasi, kumbe mwenzio anakufa hapo kwa jicho moja."

Harithi aliweka bisibisi chini, akatazama. Wakairudisha nyuma wakatazama tena. Alikiri kwamba hajawahi kuona kuigiza kwa namna ile, lakini akasema wateja wake wanataka ngumi, na kwa jicho moja la mzee hawezi kujaza benchi hata moja. Walibishana mpaka mbaazi zikaisha. Na kama Mwanaima angeulizwa siku gani hasa alimpenda, angeitaja siku ya bisibisi.

Sasa picha hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inakwenda kumwangusha Harithi.

Kwenye Noah ya abiria ya kwenda Ruangwa Mwanaima alikaa nyuma ya mjomba, akiutazama mgongo wa lile koti, na simu mkononi. Aliandika ujumbe: *Mjomba anajua Kihindi. Usibuni kitu.* Kidole kilifika pa kutuma, kikasita. Maneno ya mjomba yalikuwa yamemkaa rohoni kuliko alivyotaka kukubali. Ni kweli, angejuaje? Akimwonya, leo Harithi atakuwa mkweli kwa sababu anaogopa, na yeye atabaki na swali lile lile katika ndoa yake yote. Asipomwonya, huenda ndoa yenyewe isiwepo. Walipita mashamba ya ufuta uliosimamishwa mafungu mafungu ukikauka, mjomba akawa anaulizana na dereva habari za mavuno, na Mwanaima akafuta neno moja moja mpaka kioo kikabaki cheupe.

Harithi aliwapokea mlangoni, shati limepigwa pasi hadi mikono. Alitoa shikamoo ya heshima, akamwondolea mzee vumbi kwenye benchi la mbele kwa kitambaa chake mwenyewe. Mjomba aliitikia, akamwambia afanye kama siku zote, asimjali, yeye amekuja kutazama picha. Mwanaima akakaa kando ya mjomba wake. Harithi alimtupia jicho, lile la kuuliza mambo yakoje. Naye akatabasamu, maana hakujua afanye nini kingine na uso wake.

Kibanda kilijaa. Ilikuwa siku ya soko, na watu wa kijiji cha Nkowe walikuwa wameshamaliza shida zao sokoni. Picha ilipoanza, Andrea fundi baiskeli alisema kwa sauti kwamba kama ni ile ya babu wa saa yeye anakwenda zake. Harithi akaona benchi zinaanza kutikisika. Akashika maiki, na mazoea ni kama sheria. Akafungua mdomo ukatoka uongo.

Alisema mzee huyu wasimwone amenyamaza, zamani alikuwa askari kanzu, na ndani ya mojawapo ya saa za pale mezani ameficha almasi. Watu wakatulia. Akasema mke anaijua siri hiyo. Alipoingia kaka wa mke na begi lake, akampa sauti ya kukoroma na kumfanya mkuu wa magendo aliyetoka mbali kuifuata almasi. Watu wakaguna kwa raha, na Andrea akavuta miguu yake ndani, akakaa vizuri.

Kila uongo ulipotoka, Mwanaima alimtazama mjomba kwa pembe ya jicho. Mjomba alikuwa anatafuna korosho taratibu, uso hauna habari. Kaka wa mke alipoongea kirefu, na Harithi akapiga kelele za vitisho, mjomba alikohoa mara moja kwenye ngumi yake. Mwanaima akafumba macho. Alijiona yuko Marambo, mbele ya wazee, anaambiwa si tulikuambia. Alijiona anaolewa na mwingine, mtu mwenye maneno machache na ya kweli, na hampendi. Mkono ulimtoka wenyewe kwenda kwenye simu, kisha akakumbuka kwamba Harithi akiwa kazini simu huizima. Ulikuwa umekwisha wakati wa kumwokoa, na aliyeuacha upite ni yeye.

Ikafika pale mke anapofunga mzigo wake. Anafunga kanga yake ya Kihindi fundo, anafungua, anafunga tena, kama fundo ndilo linalomchelewesha. Mume yuko mezani, lenzi jichoni. Mke anasimama mlangoni na kuanza kusema.

"Mke anamwambia mumewe..." Harithi alianza.

Akanyamaza. Kwenye runinga midomo ya yule mama ilikuwa inaendelea.

"Mke anamwambia..."

Maiki ilivuma kidogo. Watu wakageuza shingo kumtazama, wakidhani umeme unataka kukatika. Harithi alikuwa ameikodolea runinga macho, na usoni mwake hakukuwa na mzaha wowote. Kisha akaishusha maiki hadi gotini, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ambayo Mwanaima peke yake ndiye aliyeizoea.

"Jamani, hapa sijui anasema nini. Hata kule nyuma nilikuwa nabuni, almasi hakuna. Naomba hapa tutazame tu, maana nikisema kitu nitawaharibia hawa watu."

Minong'ono ilipita. Andrea alisimama.

"Sasa sisi tutajuaje?"

"Mtazame usoni, kaka."

Harithi akaongeza sauti ya picha. Kwa mara ya kwanza kibanda kile kikamsikia yule mama, sauti nyembamba kidogo, ya haraka, isiyolia. Alisema maneno machache, akatulia, akaongeza mengine mawili matatu. Mume alikuwa anakaza skrubu ya saa ambayo kila mtu alishaona imekwisha kutengenezwa. Aliitikia kwa kichwa. Jicho lake lililo wazi lilikuwa jekundu, likatazama kazi, likatazama kazi, halikuinuka. Mke alingoja. Alingoja muda ambao hakuna picha nyingine inayothubutu kungoja, halafu akatoka. Mlango ulipofungwa ndipo bwana mnene alipovua lenzi, na maji yaliyokuwa yamejaa ndani yake yakamwagika mara moja shavuni.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa benchi la nyuma alivuta kamasi. Andrea alikuwa bado amesimama, ameshika nguzo, na hakuonekana kukumbuka kwamba alitaka kuondoka. Mwanaima alilia bila kujificha, kwa ajili ya yule mama na kwa ajili ya Harithi, na hofu yake ikawa kubwa zaidi kuliko mwanzo. Sasa alikuwa anamtaka mtu yule kuliko alivyowahi kumtaka.

Picha ilipokwisha walitoka watatu nje, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta. Mjomba alikung'uta maganda ya korosho kwenye koti lake, akachukua muda wake.

"Kijana. Yule mama pale mlangoni alisema nini?"

"Sijui, mzee."

"Si ungebuni tu. Almasi uliibuni, ikakubali."

Harithi aliinamisha kichwa. "Pale nilishindwa, mzee. Kila neno nililolipata lilikuwa dogo kuliko uso wake."

Mjomba alitazama barabarani. Kisha akatamka maneno kwa Kihindi, polepole, kwa matamshi ya mtu aliyejifunzia lugha kati ya masufuria. Harithi aliinua uso ghafla, macho yamemtoka.

"Alimwambia chumvi iko kwenye kopo la kijani," mjomba alisema. "Na usiku asisahau kufunika mtungi. Basi. Hakuna kingine alichosema."

Mwanaima alishika ukuta. Miezi yote ile alikuwa ameyapamba maneno ya yule mama kichwani, akayafanya ya kiapo, ya kulaani, ya kuomba abembelezwe abaki. Kumbe ilikuwa chumvi. Maumivu yote yale, mtu kayabeba kwa chumvi na mtungi, na bado kibanda kizima cha watu wasiojua Kihindi kilimwelewa.

"Nimetazama picha za Wahindi tangu sijaota ndevu," mjomba aliendelea. "Yule mama na yule mnene ni waigizaji hasa. Sijui kwa nini watu hawawasifu, labda kwa sababu hawapigi kelele." Akamgeukia Harithi. "Njia ya mwongo ni fupi, kijana. Yako niliiona inaishia kwenye almasi, nikasema moyoni, mpwa wangu hapati mume hapa. Halafu umegeuka mwenyewe, hapana aliyekushika mkono. Mlete mshenga wako Marambo. Aje baada ya ufuta, nina kazi."

Harithi aliinama, akaushika mkono wa mzee kwa mikono miwili. Mjomba alicheka, kicheko cha mtu aliyeshiba siku yake.

"Nami nilidhani huyu angekutonya. Mama yake kaniambia, tangu asubuhi anajua kwamba Kihindi nakielewa. Nikakaa nangoja nione kama utakuwa umeonywa. Kumbe binti ana kifua."

Akawaacha hapo, akaenda msikitini kuwahi alasiri, akisema wakutane stendi.

Mwanaima aliyajua yatakayofuata kabla hayajaja. Harithi alikuwa anakunja waya wa maiki kiganjani, anaukunjua, anaukunja.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na simu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo. Niliandika, Harithi. Niliandika nikafuta."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema mtandao ulisumbua. Angeweza kusema mjomba alikuwa karibu. Alimwambia ukweli, kwa sababu baada ya yaliyotokea kibandani hakuona namna nyingine ya kusema naye.

"Mjomba aliniambia mtu asiyejua anachotafsiri, siku akisema ananipenda sitajua kama anajua anachosema. Lilinikaa. Nilitaka kuona mwenyewe, bila mtu kukuambia."

"Na sasa umeona."

"Nimeona. Nakupenda mpaka naogopa. Kama ungeendelea na ile almasi sijui leo ningerudije nyumbani."

Harithi hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Mwanaima. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichokuwa na uhakika kama atakinunua.

"Mimi kule ndani nilikuwa nakuangalia wewe," Harithi alisema. "Kila watu walipoguna, nilikuangalia. Nikawa najiambia, hata nikiharibu, yule pale yuko upande wangu." Akaumaliza waya kuukunja, akautia mfukoni. "Kumbe ulikuwa umekaa na mjomba wako kunitazama."

"Harithi."

"Sikulaumu. Mjomba wako alikuwa na swali lake, kapata jibu. Wewe ulikuwa na lako, umepata. Mimi ndio kwanza nimepewa la kwangu."

"Mshenga atakuja?"

Alimtazama. Mwanaima, aliyeweza kusoma jicho moja la mzee wa kwenye picha, alilisoma lile la Harithi juu mpaka chini na hakupata kitu.

"Watu wananingoja," Harithi alisema, akarudi ndani.

Alibaki kivulini peke yake. Punde spika ikavuma, muziki wa ngumi ukaanza, na sauti ya maiki ikapanda kwa mbwembwe zake zote: jamani kaeni chini, huyu staringi wa sasa hivi hana mchezo, leo mtu atarushwa mpaka Nachingwea. Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Ilikuwa sauti ile ile iliyomkausha siku ya mvua, na kwa mara ya kwanza Mwanaima hakuweza kujua kama mwenye sauti anacheka kweli.

Stendi, mjomba alikuwa ameshapata viti. Alikuwa mchangamfu mno, anamsimulia dereva habari za mpwa wake anayetaka kuolewa, na alipomwona anakuja na mtandio umeshushwa hadi machoni, akamsogezea nafasi.

"Mbona hivyo, mwanangu? Hujafurahi?"

"Nimefurahi, mjomba," Mwanaima alisema.

Na mjomba Faridi, ambaye tangu mchana hakupitwa na uongo hata mmoja, akampigapiga begani kwa upendo, akamwambia dereva waondoke.